Miguu Yetu Ilikuwa Mali ya Kampuni

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika chombo chochote cha kazi. Nilikuwa nimetoka kwetu Igowole kwa miguu hadi barabara kuu, nikadandia lori la mbao hadi Iringa mjini, na asubuhi nikasimama mbele ya Meneja wa kampuni moja ya malori. Mkononi nilishika barua ya mchungaji wetu iliyosema mimi ni seremala mzuri na kijana mwaminifu. Meneja alikuwa Mzungu mfupi mwenye shingo nene, na Kiswahili alikijua vizuri. Barua hakuifungua.

"Unacheza nafasi gani?" aliniuliza.

"Nimekuja kuomba kazi ya useremala, Bwana. Nimesikia mnatengeneza bodi za malori."

"Sikukuuliza hilo. Nafasi gani?"

"Beki."

Akaagiza mpira uletwe. Nikapiga mpira pale uani, mafundi wakiwa wameegemea malori wananitazama kama watu wanaokagua ng'ombe mnadani. Kisha mkataba ukawekwa mezani. Nilipoomba kalamu, Meneja alisukuma kidau cha wino mbele yangu na kusema, "Dole gumba linatosha." Mimi nilikuwa nimesoma misheni, na nusu ya watu wa kijiji chetu niliwaandikia barua zao. Lakini nilitaka kazi, nikaweka dole gumba. Nimekuwa mzee sasa, na bado nikikumbuka kile kidole cheusi damu inanichemka.

Ninyi vijana mnaofuata habari za usajili redioni mnaweza kudhani ugomvi wa mikataba ni jambo la juzi. Sisi miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, hatukuitwa wachezaji wa kulipwa. Tuliitwa maseremala, makarani na mataniboi, yaani wale wasaidizi wa dereva waliopanda juu ya mizigo. Kila kampuni na kila shamba kubwa la chai lilikuwa na timu yake, na Wazungu walishindana kwa timu hizo kama walivyoshindana kwa mbwa wao wa kuwinda. Walikuajiri kwa ajili ya miguu. Ukitaka kuhamia timu nyingine, ulihitaji kuachiwa na mwajiri wako. Bila hivyo kamati ya ligi ilikufungia, maana yake huruhusiwi kugusa mpira wa mashindano. Na hilo ndilo lilikuwa jepesi. Zito ni kwamba mkataba wetu ulikuwa mkataba wa kibarua. Kwa sheria ya bwana na mtumishi, kuondoka kabla ya muda kwisha lilikuwa kosa la jinai. Askari alikufuata, akakufunga pingu, ukahukumiwa kwa kutoroka kazini. Mchezaji anahama timu, anaingia jela! Msimu ulianza mvua zikikatika na barabara zikikauka, kwa hiyo wiki za mwisho za mvua ndizo zilikuwa wiki za kesi.

Baada ya misimu michache Iringa, Meneja alihamishiwa tawi la Mbeya, akanichukua niwe kapteni wa timu ya huko. Ndipo nilipomkuta Ambilikile. Alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, taniboi, winga wa kulia. Sijaona mtu mwenye mbio kama zile. Uwanja wetu ulikuwa chini ya mlima Loleza, wenye mteremko na matope, na wengine tulikuwa tukiteleza kama mbuzi kwenye mwamba, lakini yeye alipita pembeni kama anakimbia kwenye zulia. Alikuwa mpole, mwimbaji wa kwaya, na aliniita kaka Lukas ingawa sisi si kabila moja. Jambo moja tu lilimsumbua: baba yake alikuwa amepooza, na migomba na kahawa za nyumbani hazikuwa na mtu.

"Mkataba wangu ukiisha narudi, kaka," aliniambia. "Mpira nitachezea timu ya wakulima wa kahawa kule kwetu. Nitalala kwangu."

Mkataba ukaisha siku ya Ijumaa. Alikwenda kuaga. Meneja akamjibu kwa upole, mbele yangu: "Karani hayupo leo. Subiri mpaka Jumatatu akuandikie cheti cha kuachiwa, uondoke vizuri." Ambilikile akashukuru, akasubiri. Jumamosi na Jumapili alikula unga na maharage pamoja nasi kambini, kama siku zote. Jumatatu alipokwenda ofisini, Meneja alikuwa anatabasamu.

"Umekula posho yangu siku mbili baada ya mkataba kwisha. Anayekula posho ya kampuni ni mtumishi wa kampuni. Umeingia mkataba mpya."

Ambilikile alidhani ni mzaha, akacheka. Alipoelewa si mzaha alichukua sanduku lake, akapanda basi la Tukuyu. Haukupita muda mrefu, askari walimkamata akiwa mazoezini na timu ya wakulima, mbele ya ndugu zake, wakamrudisha Mbeya na pingu mikononi, bado amevaa kaptula ya mpira.

Mimi nilikwenda kwa Katibu wa ligi. Huyu alikuwa Mwafrika mwenzetu, karani wa bomani, mtu wa tai na kofia. Nilimweleza yote. Hakuniruhusu hata kukaa.

"Kamati haiwezi kuingilia mambo ya bwana na mtumishi wake," alisema. "Ambilikile amefungiwa mpaka mahakama iamue."

"Lakini alidanganywa. Mimi nilikuwapo nikasikia."

"Kapteni, wewe cheza mpira. Haya mengine yana wenyewe."

Meneja naye ni mgeni. Walau nilijua alikotoka na alichotaka. Lakini Katibu alimjua Ambilikile, walisali kanisa moja, na alimfungia bila kumwita hata kumuuliza, kabla Bwana Shauri hajasikia neno. Bwana Shauri ndiye aliyekuwa mkuu wa wilaya na hakimu kwa pamoja. Hasira yangu kwa Katibu haijapungua hata baada ya kumzika.

Siku ya kesi niliitwa shahidi wa kampuni. Meneja alikuwa ameniambia nitaulizwa swali moja tu: je, nilimwona Ambilikile akila? Bwana Shauri alikaa chini ya picha ya Malkia, na pembeni yake mkalimani, kwa kuwa mahakama iliendeshwa kwa Kiingereza. Swali likaulizwa. Nilijibu kwa sauti ili watu wote wasikie:

"Alikula, Bwana, kwa sababu Meneja mwenyewe alimwambia asubiri mpaka Jumatatu. Mimi nilikuwepo. Mkataba ulikuwa umekwisha, na aliyemzuia ndiye aliyemlisha."

Mkalimani akamgeukia Bwana Shauri, akasema maneno mawili matatu, akanyamaza. Bwana Shauri akaandika.

"Hukusema yote!" nilimwambia mkalimani. "Maneno yangu yalikuwa marefu kuliko hayo."

"Shahidi, jibu unachoulizwa," alinijibu, akikwepa macho yangu.

Nikajaribu tena. Askari akanishika bega akanitoa nje. Nilisimama pale barazani, sikio mlangoni. Hukumu ikasomwa: Ambilikile arudi kazini kwa muda wote wa mkataba mpya, au aende jela. Aliwaza nani atamtunza baba yake yeye akiwa jela bila mshahara, kisha atoke na jina la mfungwa. Akarudi kazini.

Sisi tulidhani Meneja alihangaika kiasi hicho kwa kuwa alimhitaji winga. Nami nikajipa moyo kwamba kijana atacheza, na uwanjani atasahau kidogo. Siku ya kufungua msimu mechi yetu ilikuwa na hao hao wakulima wa Rungwe. Watu walikuwa wamejaa, wengine wameshuka na mabasi toka Tukuyu kuja kumwona mtoto wao. Tukatoka na jezi zetu. Ambilikile hakuwa nasi. Alikuwa pembeni, amevaa ovaroli ya gereji, ameinama na ndoo ya chokaa, anachora mistari ya uwanja. Watu wa kwao walikuwa wanamwita jina, naye hakuinua kichwa.

Nilimfuata Meneja alipokaa na wageni wake. "Bwana, hachezi?"

"Hatacheza msimu huu wala unaofuata," alisema. "Ilimradi asiwachezee wale. Nataka wote mwone."

Nikarudi kwa wenzangu katikati ya uwanja nikawaambia alichosema. Sikumwomba mtu chochote. Nilikaa chini kwenye nyasi. Golikipa wetu, Msangu wa Madibira ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akaja akakaa karibu nami. Kisha wengine, wote. Refa akapuliza filimbi, tukabaki tumekaa. Upande wa pili kapteni wa wakulima akatutazama, akawaambia wake kwa Kinyakyusa jambo ambalo sikulielewa, nao wakakaa. Ambilikile akaweka ndoo chini, akasimama wima, anatutazama, mashavu yamelowa.

Kamati ilikaa wiki hiyo hiyo. Wenzangu walifungiwa msimu mmoja. Mimi nilifungiwa maisha, na Katibu ndiye aliyenisomea, akitamka kila neno kama anasoma risala. Kampuni ikanifukuza. Ambilikile alimaliza mkataba wake wa lazima bila kugusa mpira, na siku ya mwisho alipita langoni hata bila kunywa maji. Baba yake alikuwa amekufa katika muda huo. Hakucheza tena. Nilimtembelea Rungwe mara nyingi. Alilima kahawa, alizeeka vizuri, lakini watu walipozungumzia mpira alitoka nje.

Mimi nilirudi Iringa nikaingia chama cha wafanyakazi, nikafanya kazi hiyo mpaka kustaafu: kusimama na wenye mikataba mbele ya mameneja. Nimewasomea watu mikataba neno kwa neno, madereva, wachuma chai, na wachezaji pia.

Nilipostaafu nilikwenda ofisi ya mpira mkoani, kuomba adhabu yangu ifutwe. Kijana aliyekuwapo alinipa kiti na chai, akanisikiliza kwa heshima, kisha akacheka kidogo.

"Shikamoo tena, babu. Lakini ligi hiyo haipo siku nyingi. Hao waliokufungia hawapo. Hakuna wa kukufungulia."

"Basi nifungulie wewe."

"Sina mamlaka hayo, babu."

Nikamaliza chai, nikashukuru, nikateremka taratibu hadi stendi. Walitufungia tukiwa vijana, katika dakika chache za kikao, na hakuna hata mmoja aliyebaki wa kutufungulia. Ambilikile amezikwa Rungwe akiwa mtoro wa kazi katika vitabu vya serikali. Mimi nitazikwa Igowole nikiwa nimefungiwa.