Kiraka Kilichoangukia Jina la Mwingine

Siku yangu ya kwanza kazini, Musoma, sikuonyeshwa kiti. Mkuu wa Kitengo cha Mifumo alinipokea mlangoni mwa chumba cha seva, akanyoosha kidole kwenye mashine mbili zilizokuwa zikivuma kwenye rafu, akasema, "Nyangeta, hizi na wenzao wa Bunda na Butiama ndizo zinazobeba majibu ya maabara, damu na dawa za hospitali zetu. Ukizizima, wodini wanabaki vipofu. Kwa hiyo hapa hatuzimi ovyo."

Nikajibu, "Sawa, mkuu." Nilikaa kwenye kazi ile mpaka nikastaafu, na sikumbuki siku niliyotulia.

Ninyi mnaoingia sasa mmekuta utaratibu tayari. Sisi tulianza kwa kuomba ruhusa ya kuzima. Kiini cha mfumo endeshi, wenyewe tunakiita keneli, ndicho kinachosimamia kila kitu ndani ya kompyuta: diski, kumbukumbu, mtandao. Kikigundulika kina tundu ambalo mwizi anaweza kupitia, ilibidi tuweke keneli mpya na kuwasha mashine upya. Wakati huo wauguzi waliandika kwenye karatasi, na sisi tulikuwa tunahesabu dakika huku simu zinalia.

Baadaye ikaja njia ya kubandika kiraka mashine ikiwa kazini. Keneli imejengwa kwa maelfu ya vipande vya maelekezo, kila kimoja na kazi yake na jina lake. Kipande cha namna hiyo tunakiita fanksheni. Kiraka huja na fanksheni mpya, hutafuta ile mbovu kwa jina, kisha hukaa mlangoni mwake. Kila anayekuja kuiita anageuziwa njia, anapelekwa kwenye mpya. Mashine haizimwi, mgonjwa hajui, muuguzi hajui.

Shida ni majina. Keneli inaandikwa na watu wengi ambao hawajuani, kila mmoja kwenye faili lake, na fanksheni ya ndani ya faili moja haionwi na faili jingine. Basi watu wawili wanaweza kuzipa zao jina lile lile bila ugomvi wowote. Ugomvi unaanza kiraka kinapokuja kutafuta kwa jina na kukuta mbili. Kinagoma. Ili kiendelee, lazima ukiambie namba: nataka ya kwanza, au nataka ya pili, kwa mpangilio wa orodha ya majina iliyomo ndani ya keneli hiyo.

Jumatatu moja lilitangazwa tundu baya upande wa mtandao. Nikaandaa kiraka pale Musoma, nikakijaribu, kikagoma: jina limeonekana zaidi ya mara moja. Nikafungua orodha. Zilikuwa mbili. Nikazitambua kwa majirani zao, maana fanksheni za faili moja kwa kawaida hukaa pamoja: ya kwanza ilizungukwa na mambo ya diski, ya pili na mambo ya mtandao. Nikaandika namba mbili. Kiraka kikashika, seva haikutikisika.

"Tuma Bunda hivyo hivyo," Mkuu akasema.

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. "Mkuu, nipe nusu saa niipitie kwanza orodha ya Bunda."

"Toleo la keneli si lile lile?"

"Ni lile lile."

"Basi namba ni namba. Wakubwa wananipigia simu mfululizo wanauliza kama tumemaliza. Tuma, Nyangeta."

Ningeweza kukataa. Nilituma.

Toleo kweli lilikuwa lile lile kwa jina. Lakini fundi aliyenitangulia aliijenga upya keneli ya Bunda ili itambue kadi ya diski, na programu ya kadi ile ilikuja na fanksheni yake yenye jina lile lile. Bunda zilikuwa tatu. Ya mtandao ilikuwa ya tatu. Ya pili ilikuwa ya kadi ya diski, na kiraka changu kikaenda kukaa mlangoni mwake. Ilikuwa saa nne asubuhi, umeme wa mji umekatika tangu mapema, jenereta inanguruma nyuma ya jengo. Seva ikaganda.

Ndani ya chumba cha upasuaji alikuwamo mama aliyetoka kujifungua, anavuja damu. Kundi lake la damu lilikuwa ndani ya seva ile. Binti wa maabara aitwaye Wegesa hakungoja. Alichukua damu upya, akapima kwa mkono, akakimbia na mfuko korido nzima. Mama akapona. Habari hiyo ilinikuta njiani, tunakimbilia Bunda kwa gari la ofisi.

Jioni, seva ikiwa imeshawashwa upya, Mkuu aliniletea taarifa tayari imechapwa: jenereta ilizima, seva ikaathirika.

"Mkuu, hii si kweli."

"Kidole kilichobonyeza ni chako. Unataka wakufukuze? Weka saini."

Nikaweka. Mzee Masatu, fundi wa jenereta pale Bunda, akapewa onyo la maandishi, na mkataba wake ulipokwisha hawakumwongezea. Akarudi kwao Kisorya.

Tangu siku hiyo sikukaa sawa. Kanisani nilikuwa natoka kabla ya misa kwisha. Nyumbani, mtaa wa Kitaji, nilihamisha vyombo kutoka kabati hili kwenda lile, mpaka watoto wakaniuliza nilikuwa natafuta nini. Nikaomba uhamisho wa kwenda Butiama, nikadhani ni Bunda na Musoma zinazonisumbua.

Butiama mkuu wangu alikuwa Mratibu wa Mifumo, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mpole lakini hapindishwi. Mwaka wa tatu kikaja kiraka kingine, na jina likatokea mara nne. Mratibu akanikuta nimebandika orodha ukutani, naipitia mstari kwa mstari na kalamu.

"Mama, Musoma wameshatupa namba. Kwa nini tunachelewa?"

"Namba haisafiri," nikasema. "Kila mashine inasomwa orodha yake."

"Umejuaje?"

Ningeweza kumjibu kifundi. Badala yake nikamweleza yote: Bunda, yule mama, Wegesa, jenereta, saini yangu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umeyaandika popote?"

"Bado."

"Andika leo. Nitapeleka mwenyewe. Lakini maliza kwanza kiraka."

Nikamaliza; yetu ilikuwa ya nne, si ya pili kama Musoma walivyosema. Kisha nikaandika kurasa mbili. Nilishushwa cheo, na nilistaafu nikiwa nacho hicho cha chini. Mkuu wangu wa zamani, aliyekuwa ameshastaafu, alinipigia simu akasema, "Umenizika ningali hai." Lakini tangu hapo hakibandikwi kiraka katika hospitali yoyote kati ya zile tatu kabla orodha ya mashine yenyewe haijasomwa na watu wawili, na wote wawili wakaandika majina yao.

Vijana huniuliza niliwezaje kazi ngumu vile. Nawaambia kusoma orodha ni nusu saa, si ngumu. Kigumu ni kuiomba hiyo nusu saa mara ya pili, ukiwa umekataliwa ya kwanza.

Kustaafu hakukunituliza. Asubuhi nashuka ufukweni Mwigobero kununua dagaa ambao nyumbani wamejaa. Na barua ya kumsafisha Mzee Masatu, iliyotolewa baada ya kurasa zangu zile mbili, ilikuwa imeingia kwenye jalada lake, na jalada halina anayelifungua mtu akishaondoka. Wiki ya pili ya kustaafu kwangu nikaomba nakala, nikapanda gari hadi Kisorya.

Nilimkuta anafungua injini ya mtumbwi.

"Shikamoo, Mzee Masatu."

"Marahaba. Wewe ni yule mama wa kompyuta."

Nikamwambia nilichofanya, nimesimama, barua mkononi. Alifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea hata baada ya kusafika.

"Mimi nilijua," akasema. "Jenereta yangu haikuzima ile siku. Nilikuwa naisikia. Niliwaambia wakasema taarifa imeandikwa. Huyu mke wangu mwenyewe alikuwaga ananiuliza kama nilisinzia. Barua ya onyo ilikuwa na muhuri, mama. Hiyo yako inao?"

"Inao."

Akamwita mkewe kutoka jikoni. Nikaisoma yote, mpaka pale paliposema kosa halikuwa lake. Mama yule aliutazama muhuri, kisha akamtazama mumewe.

"Twende nje," mke akaniambia. "Shemeji zangu wako pale kwenye nyavu. Wasomee na wao."

Tukatoka. Nikasoma tena, kwa sauti ya juu.