Upande Mweupe wa Barua

Fundi kompyuta wa Tandika haanzi kazi bila kuchonga penseli kwa wembe. Programu inayoiongoza kadi ya picha ndani ya kompyuta za zamani kuchora kwenye skrini ni ya wazi, ruksa kwa yeyote kuirekebisha, naye huirekebisha kwanza daftarini, akikata kila mstari wa maagizo unaoichelewesha. Picha zilizokuwa zikifunguka taratibu kama mkeka siku hizi hutokea papo hapo. Zimebaki rangi tu: nyekundu inatoka kijani.

Jana Mwalimu Najat, ambaye shule yake ina kompyuta kumi za mitumba zenye kadi hizo, alimletea barua ya wasimamizi wa programu huko Ulaya, aliowaomba msaada wa rangi: kadi zimezeeka, nunueni mpya.

"Basi tena, fundi," alisema, amenyong'onyea.

Fundi aliisoma barua mara mbili. "Wamechoka wao. Mie sijachoka."

Akaigeuza karatasi upande mweupe, akachonga penseli, akaandika mstari unaofuata.