Fundi Saa na Tuta la Mwani

Fundi Saa aliacha kutengeneza saa macho yalipoanza kumwonyesha skrubu mbili mahali penye moja. Mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, na binti yao wa pekee ameolewa mbali. Nyumba ikabaki na yeye, redio, na kiwanja cha nyuma ambako alipanda nyanya ili apate cha kumtoa kitandani asubuhi.

Ndipo kituo cha utafiti wa kilimo kilipotafuta wakulima wadogo kumi wa kujaribu maji ya mwani. Dumu lake lililetwa na mtafiti, msichana mwenye miwani. Maji yalikuwa ya kahawia, yananuka kama ufuo baada ya maji kupwa. Kifuniko kimoja kwa ndoo, alielekezwa, anyunyizie tuta moja kila wiki mbili, na tuta la pili aliache vivyo hivyo.

"Hii si mbolea, mzee, wala si dawa ya wadudu. Inauamsha mmea, upate kula vizuri kilichomo ardhini na uvumilie jua."

"Kumbe ni kama chai kwangu."

Mtafiti akacheka. Fundi Saa hakuwa amemchekesha mtu siku nyingi.

Kila Ijumaa saa kumi jioni simu ililia. Shina lina urefu gani? Maua mangapi? Matunda? Alipima kwa rula ya chuma, akasoma kutoka daftarini. Hesabu zikiisha waliongea kidogo: mafua ya mtafiti, goti la mzee. Haikupita muda akawa ananyoa ndevu kila Ijumaa. Kunyoa kwa ajili ya simu! Alijicheka kwenye kioo, lakini akanyoa.

Jua lilipokuwa kali, tuta la kawaida lilinyong'onyea kila mchana, na ndilo lililoacha kuzaa kwanza. Tuta la mwani lilisimama imara, likazaa wiki mbili zaidi. Jaribio lingekoma tuta hilo nalo likiacha kuzaa, hilo aliambiwa tangu mwanzo. Alichuma nyanya ya mwisho Jumatano. Ijumaa simu ilipolia, alifungua mdomo aseme zimeisha, akajisikia akitamka, "Matunda sita leo."

Wiki iliyofuata, matano. Kisha saba, maana sauti ya mtafiti ilikuwa ya kuchoka naye akataka kumfurahisha. Huko kiwanjani mashina yalishakauka kama kuni.

Wiki ya tano mtafiti alipiga amechangamka. "Mzee wangu, hakuna shamba lililozaa muda mrefu kama lako! Jumanne nakuja na wakulima thelathini waje walione."

Angeweza kuwasingizia mbuzi wa jirani. Lakini aliwafikiria watu thelathini wakiliamini dumu kwa neno lake, yeye ambaye hakuwahi kumrudishia mteja saa mbovu akisema imepona.

"Usije, mwanangu. Hakuna nyanya."

"Zimeliwa?"

"Zimeisha mwezi mzima sasa. Nilikudanganya."

"Kwa nini, mzee?"

"Ningesema zimeisha, usingepiga tena."

Alisikia karatasi zikifunuliwa upande wa pili. "Inabidi nilitoe shamba lako lote kwenye utafiti," mtafiti alisema taratibu. "Hata hesabu za kweli. Nitawaambiaje wakubwa kwamba hizi ni za kweli na hizi siyo?"

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Baki salama, mzee."

Hakupiga tena.

Miezi baadaye bahasha ililetwa, ndani ripoti ya jaribio peke yake, bila hata kijibarua. Aliisoma neno kwa neno kwa lenzi ya kazini. Mashamba tisa. Matuta ya mwani yalizaa siku kumi na moja zaidi, kwa wastani. "Langu kumi na nne," alisema kwa sauti, na sebuleni hakukuwa na wa kumsikia.

Alipanda miche mipya. Safari hii alinyunyizia matuta yote mawili maji ya mwani yaliyobaki, maana hakuna aliyekuwa akilinganisha. Jioni moja akampigia binti yake.

"Baba! Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimepanda nyanya."

"Ah, umenishtua. Niko kazini, nitakupigia."

Aliiweka simu dirishani, sauti juu kabisa, akatoka kwenda kumwagilia.