Nilivyozunguka Nangara Kumkwepa Mama Happy

Chekeni sasa hivi mmalize, maana aibu hii nikiificha mtaisikia kwa wengine ikiwa imetiwa chumvi.

Ilianza na daftari la historia la binti yangu Neema, aliyekuwa akijisomea kwa sauti kwamba Wazungu wa zamani walitafuta njia mpya za baharini kwa sababu pilipili manga na mdalasini kutoka Asia vilipita mikono mingi, kila mkono ukipandisha bei, ndipo Wareno wakaamua kuizunguka Afrika nzima wakanunue wenyewe kule kule. Mimi nauza vitunguu saumu sokoni Babati (kila kilo naipima mara mbili, semeni mnavyotaka), na mkono wangu wa katikati ni Mama Happy, anayeniletea mzigo kutoka upande wa Mbulu. Bila yeye meza yangu ni mbao tu. Nikajiuliza, hao Wareno wamenizidi nini?

Jina la kijiji liliandikwa kwa rangi kwenye magunia yake. Jumamosi sikupandia gari stendi, maana kibanda chake kinatazama pale. Nikachukua bodaboda hadi Nangara nikadandie gari huko (nauli mbili, lakini siri ina gharama zake), nikafika kijijini, nikaulizia mwenye vitunguu, nikaelekezwa kwenye nyumba iliyojaa wanawake wanaomenya ndizi. Kipaimara cha mjukuu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu chai."

Badala ya kunywa chai nikaingia kwenye biashara, mbele ya wote wale (ishirini na mmoja, niliwahesabu tena walipokuwa wananicheka). "Bibi, niuzie mimi moja kwa moja. Yule Mama Happy anakunyonya, na mizani yake inaumwa."

Bibi akageukia jikoni. "Happy, mwambie mama yako atoke, kuna mgeni wake."

Mama Happy akatoka na mwiko mkononi. "Mama Neema. Inaumwa nini?"

Kumbe yule bibi ni mama yake mzazi, na kibanda nilichokikwepa kilikuwa kimefungwa tangu Ijumaa. Nikajitetea kwa historia yote ya Neema, mpaka pilipili manga.

"Basi tumepata Mreno wetu," akasema shangazi mmoja. "Mreno, sufuria zile pale."

Nikasugua saba, nane ukijumlisha ya pilau, nikiwaza Jumatatu nitauza nini. Jioni Mama Happy akanisogezea sahani iliyojaa nyama.

"Mzigo utakuja. Bei ile ile, mizani ile ile."

Sijawahi kufurahi hivyo kuambiwa bei haishuki. Ila tangu siku hiyo siisemi mizani ya mtu ugenini kabla sijaulizia mama yake anaishi wapi.