Kiti cha Mke wa Bwana Mifugo

Kile kiti nilikichukia kuliko homa. Kilikuwa kiti cha maana, chenye egemeo, cha pekee kijiji kizima. Kila Jumapili baada ya misa, kikundi cha ngoma kilipokusanyika pale kijijini Pito, kiti kilibebwa juujuu kama kinamsubiri askofu, kikawekwa kivulini.

"Karibu mama, kaa."

Nakaa. Naletewa togwa kwenye kikombe chenye mkono. Wenzangu wanasugua vigoda juu ya vyungu, ndizo ngoma zao, mpaka ardhi inanguruma, samaki wa Kasanga wanashtuka mbali kule ziwani, na mimi miguu inaniwasha kama nimekanyaga upupu.

Mume wangu alikuwa bwana mifugo, tumehamishiwa hapo kutoka Mbeya. Mwaka mzima nilikalishwa. Nikiinuka niingie mstarini, mstari unajibana, hata sindano haipiti. Wala hakuna aliyenitukana. Hata tusi nilinyimwa! Kwenye darasa la jioni la watu wazima, lililonipa cheti ninachojivunia hadi leo, tulibanana na wanawake hao hao benchi moja. Ngomani nageuka mgeni rasmi.

Siku moja uvumilivu ukanishinda. Nikamfuata kiongozi wa ngoma, bibi mwembamba mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio mlima wa pili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimewakosea nini? Mbona hamtaki nicheze?"

Akanishika viganja, akavigeuza. Laini kama maandazi.

"Hujatukosea. Ila sisi tunacheza na tuliyelima naye. Sijui unavyoinama, nitajuaje utakavyogeuka?"

Kumbe! Wake za watumishi tulisamehewa shamba la ujamaa, nami nikadhani ni heshima. Heshima yenyewe ndiyo iliyonifungia nje.

Jumatatu nikaazima jembe, nikaenda shamba la ujamaa. Nikapangwa katikati ya wanawake wawili wenye mikono kama mihimili ya daraja. Sikuuliza kitu; nikainama nikapiga tuta kama la kwetu, refu, limenyooka kama rula. Nilipoinua kichwa, shamba zima limesimama. Wenzangu wote walikuwa wanakusanya majani na kuyafunika kwa udongo, vilima vya mviringo.

"Jamani, mke wa bwana mifugo anamzika nani?"

"Nyoka huyo! Tena marehemu alikuwa mrefu!"

"Nazika kile kiti chenu!" nikajibu.

Walicheka mpaka majembe yakawaponyoka. Nadhani walisikika hadi kijiji cha Msanzi. Wale wawili wakanifundisha, mmoja huku mwingine huku, wakinisema bila kupumzika: weka majani kwanza, wewe, funika, zungusha, unakanda ugali au unalima? Kilima changu cha kwanza kililala upande kama kofia ya mlevi. Jioni mgongo ulikuwa unaungua, viganja vina malengelenge makubwa kama mayai ya bata, na nimetukanwa vya kutosha mwaka mzima. Nilirudi nyumbani naimba.

Jumapili nikafika uwanjani. Kiti kipo, kimerundikiwa khanga na sweta za wachezaji. Nikabaki nimesimama, sijui pa kujiweka.

"We mzika nyoka!" wakaniita wale wawili, na katikati yao pakafunguka nafasi. "Unasubiri ubebwe? Ingia, unatuzibia njia!"

Nikaingia. Vyungu vikanguruma, mstari mzima ukageuka kulia, mimi nikageuka kushoto na kumkanyaga bibi kidole gumba.

"Si nilisema?" akapiga kelele kwa furaha, anachechemea bila kuacha kucheza. "Anageuka vile vile anavyolima!"