Nilivyowatandikia wageni ndago waliyoifuata

Jamani, Kifanya nzima inajua ni mimi niliyefanya haya, kwa hiyo acha niyaseme mwenyewe, ingawa aibu yake mpaka leo ninalala nayo.

Bonde letu lina chemchemi, na mfanyabiashara mmoja wa Makambako alikuwa analitaka apande parachichi. Tumaini letu likawa majani tu: mtaalamu wa mimea, dada mmoja mpole, aliniambia bondeni kuna ndago za aina mbili zinazofanana, moja imejaa kila mahali wala haina shida, nyingine iko hatarini kutoweka, na akiwaonyesha hiyo ya pili wakubwa wa wilaya, bonde halitaguswa. Alipotaka kunielekeza tofauti yake nikamwambia asijisumbue, mimi nimezaliwa hapa (katibu wa kikundi cha maji, nifundishwe majani?).

Basi nikaona moja ndefu, imechanua vizuri, nikajua ndiyo yenyewe, maana kitu adimu kitakosaje kupendeza? Nikaizungushia kamba. Ile fupi, imesinyaa, sikuijali.

Siku wakubwa hao walipokuja na yule dada na mfanyabiashara mwenyewe, mvua ikapiga tangu alfajiri, njia ikawa tope tupu, na kwetu mgeni hakanyagi tope, unamtandikia majani. Nikashuka bondeni nikang'oa zile fupi zote (ardhi laini, zikaja na mizizi yake), nikatandika njia nzima, nikajisifu.

"Kamwene!" nikawasalimu kikwetu. "Piteni, piteni bila wasiwasi!"

Wakapita wote, hata mfanyabiashara na viatu vyake vinavyong'aa, mpaka kwenye kamba yangu. Yule dada akaitazama, akanitazama.

"Mama Tuli, hii ndiyo ya kawaida. Ile fupi iko wapi?"

Macho yangu yalikwenda njiani yenyewe. Akarudi, akachuchumaa, akaokota shina lililopondeka, akalifuta tope.

"Ni hii," akasema.

Tulitafuta bonde zima hata shina moja lililobaki, hakuna. Mfanyabiashara akaniambia, "Pole sana, mama," tena kwa upole, afadhali angenicheka.

Nilizirudisha ardhini moja moja, hazikushika. Miche ya parachichi imeshashushwa bondeni. Siku hizi mgeni akija kwangu wakati wa mvua anapita kwenye tope, nami namwosha miguu kwa mikono yangu, lakini jani sing'oi tena.