Nyaya Zisiguse Sakafu

Mume wangu aliachishwa kazi mwaka ule kitinda mimba wetu alipomaliza chuo. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja upande wa Athi River, miaka ishirini na miwili. Siku aliyorudi na barua nyumbani kwetu Kitengela, aliikunja, akaiweka juu ya kabati la vyombo, akaniomba chai. Hatukuizungumzia tena. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi Kisaju, kwa hivyo chakula hakikukosekana. Alichokosa yeye ni shughuli, tangu nitoke alfajiri hadi nirudi jioni.

Miezi ya kwanza alitafuta kazi. Alikwenda Ngong, akaenda Kajiado, akaacha barua za kuomba kazi kila penye geti na askari. Kisha akaacha kutoka, akawa anashinda sebuleni akisikiliza rumba kwenye spika mbili kubwa alizonunua kabla hatujaoana.

Siku moja alisoma kwenye simu kwamba nyaya za spika zikilala sakafuni, muziki unaharibika. Alinieleza jioni hiyo nikimenya viazi: ati sakafu inatetemeka na kutetemesha waya, ati hata taili zina umeme wake, ati wanaojua kusikiliza huinua nyaya zao zisiguse chini. Sikuelewa hata nusu. Lakini uso wake ulikuwa na uhai ambao sikuwa nimeuona tangu ile barua, nikamwambia ajaribu.

Alichonga vigogo vya mbao, kila kimoja na mfereji juu wa kulaza waya, akavipiga msasa vikawa laini kama sabuni. Niliporudi kutoka shule nilikuta nyaya zimepita hewani sebule nzima, kama laini ya stima. Akaniketisha. Akacheza wimbo, akateremsha nyaya, akaucheza tena.

"Umesikia gitaa?" aliniuliza.

Nikamwambia nimesikia. Kwa kweli gitaa nililisikia. Lilikuwa lile lile.

Baada ya hapo kila jioni nilikuwa na kazi ya kusikiliza kabla sijavua viatu. Alichonga vigogo virefu zaidi, halafu vingine vya mti mgumu, halafu akavivalisha vitambaa. Kila mara nilisema kuna tofauti. Siku moja akataka nimpime: yeye akae kwenye kochi amefumba macho, mimi niinue nyaya au nizishushe, naye aseme ziko juu au ziko chini. Tulifanya mara kumi. Nilikuwa naandika nyuma ya daftari la mwanafunzi. Alipata nne. Nikamwambia amepata nane, akacheka peke yake, na usiku huo akala vizuri.

Ningeweza kuendelea hivyo, nadhani. Lakini ilifika Ijumaa moja ya kiangazi, nimetoka kwenye mkutano wa wazazi, kichwa kinaniuma. Vumbi lilikuwa limeingia nyumba nzima na sikuweza kupiga deki sebuleni kwa sababu ya vile vigogo. Akaniomba nikae nisikilize. Nikabaki nimesimama na mkoba wangu.

"Baba, mimi sisikii tofauti," nilimwambia. "Sijawahi kusikia hata siku moja. Na ile siku ulipata nne."

Hakukasirika. Aliinama, akazima muziki.

"Hata mimi," alisema. "Tangu siku ya kwanza."

Nikamuuliza sasa alikuwa anafanyia nini yote hayo.

"Angalau nilikuwa niko na kitu ya kukuonyesha ukirudi."

Nilikwenda jikoni nikainjika maji ya ugali, nikayatazama mpaka yakachemka na kupungua.

Kesho yake nilitoka kwenda sokoni, na niliporudi nilikuta sakafu imepigwa deki, inang'aa, na nyaya zimelazwa chini kandokando ya ukuta. Yeye alikuwa amelala kitandani na viatu vyake. Nilimbembeleza azirudishe juu. Nikamwambia labda nilikuwa nimechoka, labda besi ilikuwa na kitu. Alinishika mkono akaniomba, kwa upole kabisa, nisiseme hivyo. Tangu siku hiyo hajawasha muziki.

Mwezi uliopita nilimpeleka hospitali Kajiado, kwa sababu alikuwa amekonda na hapati usingizi. Daktari, msichana mdogo kuliko binti yetu mkubwa, alimuuliza kama anakula, kama analala, kama kuna kinachomsumbua moyoni. Kila swali alilijibu kwamba yuko sawa. Daktari akanigeukia mimi. Nilitaka kusema. Nilimwona mume wangu ametazama magoti yake, kofia mkononi, akingoja niseme, nikashindwa kumvua nguo mbele ya mgeni. Nikasema ni uchovu tu.

Tuliandikiwa vidonge vya vitamini. Nje ya geti aliniuliza kama nina njaa, nikasema hapana, tukatembea hadi stendi.